Pini Tano kwa Nchi Isiyowinda

Jumatatu, 1 Septemba 2025. Kitui

Shemeji amefika kutoka Texas na mfuko wa binamu yangu. Ndani mna vifaa vitatu vya kulengea, vya kufungwa kwenye upinde, pamoja na barua. Nichague kimoja, viwili shemeji atarudi navyo tarehe 12 Oktoba. Upinde wenyewe, ule wa kisasa wenye kapi juu na chini, ulifika mwaka jana na karatasi zake zote. Tangu hapo umetundikwa sebuleni, na wageni huuliza kama unashika stesheni za Tanzania.

Kila sanduku lina picha ya kulungu wa Marekani aliyesimama ubavu, hana haraka. Maelezo yanasema kifaa ni cha mwindaji makini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977. Nimemsomea mke wangu maelezo hayo. Ameuliza kama kuna kinachofaa kuku wa jirani wanaoingia kwenye sukuma wiki. Nimemwambia kuku hawajatajwa.

Jumanne, 2 Septemba

Nimevipeleka vifaa shuleni, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa fizikia na pia mlezi wa chama cha upinde, kazi niliyopewa katika kikao ambacho sikuhudhuria.

Cha kwanza kina pini tano zilizopangwa wima ndani ya duara. Ya juu ni ya yadi 20, zinazofuata ni za 30, 40, 50 na 60. Cha pili kina pini moja tu, inayopandishwa na kushushwa kwa gurudumu. Cha tatu hakina pini. Kina kioo chenye nukta nyekundu inayowashwa kwa betri.

Nimewaeleza Kidato cha Tatu kwa nini pini ni nyingi. Mshale haukatai mvutano wa dunia. Ukitoka kwa kasi ya mita 85 kwa sekunde, ukifika mita 20 umeshashuka sentimita 27. Ukifika mita 30 umeshuka 61, na mita 40 umeshuka mita moja na zaidi. Kwa hiyo umbali ukiongezeka, pini ya kutumia inakuwa ya chini zaidi, ili mkono upande.

Msichana wa dawati la mbele ameuliza mnyama huyo anafanya nini wakati sisi tunapiga hesabu. Naibu mwalimu mkuu amepita dirishani, akaona kulungu ubaoni, akataka kujua kama yumo kwenye silabasi. Nimemfuta kulungu nikabakiza hesabu.

Alhamisi, 4 Septemba

Kukifunga kifaa cha pini tano kunahitaji spana ndogo ya pembe sita, na skrubu za Marekani zimepimwa kwa inchi. Nimeshuka Kalundu kwa fundi wa pikipiki. Spana zake zote ni za milimita. Tumejaribu ya milimita 4, ikaingia sawasawa, na fundi amefurahi kuliko mimi.

Wenye bodaboda wamekusanyika kutoa ushauri. Mmoja amesema hicho ni kishikio cha kioo cha pembeni na akataka kukinunua. Mwingine amesema kimefungwa nyuma mbele. Yule wa pili alikuwa sahihi. Fundi amekifungua, amekigeuza, na amenitoza kazi mara mbili kwa kuwa, anavyosema, zilikuwa kazi mbili.

Jumamosi, 6 Septemba

Chini ya pini kuna kichupa chenye povu la hewa, yaani pimamaji. Kazi yake ni kumwambia mpiga upinde kama amesimamisha upinde wima. Ukiuinamisha kulia, mshale unaangukia kulia, na umbali ukizidi kosa linazidi.

Nimesimama kwenye uwanja wa shule na kuuweka upinde wima kwa kufuata ukuta wa maabara mpya. Povu limekwenda pembeni na kukaa huko. Fundi mwashi anayejenga maabara amekuja na pimamaji yake, ameiegemeza ukutani, amesema ukuta ni sawa. Nami nimemwonyesha yangu. Tumetazamana. Mmoja wetu ana kitu kilichopinda, na maabara ina nafasi ya wanafunzi 40. Mazungumzo yamehamia kwenye bei ya saruji.

Jumanne, 9 Septemba

Nimetaka kuchora mistari ya umbali kwa rangi nyeupe. Duka la karibu halina rangi nyeupe. Sherehe za kitaifa za Mashujaa Dei zinafanyika mwaka huu Ithookwe, hapa Kitui, tarehe 20 Oktoba, na kila jiwe la pembeni mwa barabara linapendeza. Nimechomeka vijiti badala ya mistari: mita 10, 20, 25, 30 na 40.

Kifaa kinahesabu kwa yadi na uwanja wetu unahesabu kwa mita. Yadi 40 ni mita 36 na nusu hivi. Mwanafunzi amesimama kwenye kijiti cha 40, ametumia pini ya 40, na mshale umepiga chini kwa upana wa kiganja, kama hesabu ilivyotaka. Umepasua mshono wa gunia, ambalo ndilo shabaha yetu. Gunia lilikuwa limejazwa mabua ya mahindi.

Kuna kanuni moja tu ya kurekebisha pini, nayo ni kuufuata mshale. Ukipiga chini, shusha pini. Ukipiga kushoto, isogeze kushoto. Akili inataka kufanya kinyume. Tulipokuwa tukibishana juu ya kanuni hii, mbuzi wa mpishi wamekula shabaha.

Ijumaa, 12 Septemba

Kabla ya kuchagua kifaa mtu hutakiwa kujua jicho lake linalotawala. Unanyoosha mikono, unaacha kitundu kati ya viganja, unatazama kitu cha mbali kupitia hapo kwa macho yote mawili, kisha unafumba jicho mojamoja. Jicho likifumbwa na kitu kikatoweka, hilo ndilo bwana.

Nimetazama mwamba wa Nzambani. Wanaosema ukiuzunguka mara saba mwanamume anakuwa mwanamke hawajasema lolote kuhusu macho. Nimefumba la kushoto na mwamba umetoweka. Mimi navuta upinde kwa mkono wa kulia, na vifaa vyote vitatu ni vya mkono wa kulia.

Maelezo yanatoa njia mbili: ujifunze upya kwa mkono wa kushoto, au ulifunike jicho la kushoto. Nimelifunika kwa plasta na kurudi chumba cha walimu. Kufikia saa kumi mchango wa matibabu ulikuwa umekwisha kupitishwa. Nimeeleza. Mweka hazina amesema pesa zikishaandikwa kwenye daftari haziwezi kurudi, na akanitakia nafuu.

Jumamosi, 13 Septemba. Njiani

Nimepanda matatu kwenda nyumbani kwa mjomba, upande wa Makueni, kupitia Mutomo na Ikutha. Barabara ya lami kutoka Kitui hadi Kibwezi ni nzuri, hivyo kondakta ana muda wa kufikiria mizigo. Ametazama mkoba wa upinde na kunitoza nauli ya kinanda.

Tulipovuka mto Athi abiria aliyekaa nyuma yangu, mhubiri, ameuliza kama ninapiga kanisani. Nimesema napiga shuleni. Ameomba wimbo mmoja. Nimesema hakina nyaya za sauti. Amesema Daudi naye hakuwa na nyaya, na gari lote limekubaliana naye.

Jumapili, 14 Septemba. Karibu na Kibwezi

Mjomba ni mkubwa kuliko Mbuga ya Taifa ya Tsavo, iliyotangazwa mwaka 1948, na huzungumza juu yake kama mtu anavyozungumza juu ya mtoto wa jirani aliyenunua shamba lote. Upinde wake ni wa mti wa mkole, umening'inia juu ya mlango wa jikoni, umeingia rangi ya moshi. Hauna pini, hauna kapi, hauna pa kuegemeza mshale. Mshale hupita juu ya ngumi.

Amekichunguza kifaa cha pini tano.

"Hii ya chini ni ya nini, mwalimu?"

"Yadi sitini, mjomba."

"Mnyama aliye yadi sitini ni wa nani?"

Sikuwa na jibu, kwa hiyo ameendelea mwenyewe. Wawindaji wa Tsavo, Wakamba na hasa Waata, wale ambao wengine huwaita Waliangulu, walimfuata mnyama mpaka wakawa karibu kiasi cha kusikia anavyotafuna. Pinde za Waata za kuwindia ndovu zilihitaji nguvu ya kuvuta iliyozidi ratili 100, yaani zaidi ya kilo 45, na upinde wangu wenye kapi haufiki huko. Nguvu hiyo haikuwa ya kufika mbali. Ilikuwa ya kupenya ngozi. Kazi iliyobaki ilifanywa na sumu ya msunguti, ambayo hushika moyo, na miguu ya mwindaji, ambayo ilifuata nyayo mpaka mwisho. Katika miaka ya 1950 David Sheldrick na askari wa Tsavo waliendesha msako mkubwa na wengi wa wawindaji hao wakafungwa. Mnamo 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, wa kuwapa Waata kazi ya kuwinda kihalali. Nao ukaisha. Mjomba anasimulia yote haya bila kusema yeye alikuwa wapi.

Kisha ameomba aujaribu upinde wangu. Ameuvuta kwa vidole, mpaka kifuani, kama alivyozoea. Sasa, kifaa cha kulengea kinadai jambo moja kabla ya yote: mkono ufikie mahali palepale kila mara, chini ya taya, ili jicho liwe nyuma ya uzi. Mkono ukiishia kifuani, jicho linaangalia pini kutoka ghorofa nyingine. Nilikuwa bado naeleza hilo alipoachia.

Punda wa shangazi alikuwa anarudi kutoka mtoni na mitungi minne ya lita 20. Punda hakuguswa. Aliendelea na mwendo wake, akimwagilia njia hadi mlangoni.

"Ni ile pini ya tatu," amesema mjomba, na ameurudisha upinde.

Nimelipa mtungi na maji.

Jumatano, 17 Septemba. Kitui

Zamu ya nukta nyekundu. Ndani ya nyumba inaonekana vizuri sana. Saa sita mchana uwanjani, jua la Kitui likiwa utosini, haionekani kabisa. Nimeongeza mwanga mpaka mwisho, nikaiona kidogo, kisha betri imekwisha.

Muuza duka hana betri ya namna hiyo. Amefikiri, ameitoa moja kwenye mizani yake ya dijitali, ameniuzia, na wateja waliokuwa kwenye foleni ya sukari wamenitazama kwa muda mrefu.

Nimesoma pia kwamba baadhi ya majimbo ya Marekani hayaruhusu kifaa chenye umeme kwenye upinde wa kuwindia, na mashindano ya Olimpiki hayakiruhusu vilevile. Hiki basi ni kifaa kisichoweza kuwinda huku, kisichoweza kuwinda sehemu ya huko, na kisichoweza kushindana popote pa maana. Usiku umeme umepotea na tumekitumia kutafutia kiberiti.

Jumamosi, 20 Septemba. Karibu na Kibwezi

Mjomba amenipigia simu wiki nzima akisema kama kifaa ni kizuri kiasi hicho kifungwe kwenye upinde wake. Tumekifunga cha pini tano kwa ukanda wa mpira wa tairi.

Hapa fizikia imekuwa mbaya. Upinde wa mkole unatupa mshale polepole. Tuseme mita 45 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mshale unashuka karibu mita moja ukifika mita 20, zaidi ya mita mbili ukifika 30, na karibu mita nne ukifika 40. Pini zingehitaji kuachana mno. Ile ya mita 40 ingekaa karibu sentimita nne chini ya ile ya mita 20, na chini huko kuna ngumi ya mjomba. Kifaa kilitengenezwa kwa mishale ya kasi, inayosafiri karibu kunyooka.

Mjomba amesikiliza hesabu yote. Amesema kumbe mnyama akiwa mbali upinde wake humwambia aulenge mkono wake mwenyewe, na kwamba hilo ni onyo la kutosha. Amekata mpira kwa kisu.

Jioni tumejaribu kulenga kutoka juu ya kilima, kwa sababu kilima kina sheria yake. Ukilenga mteremkoni, umbali unaohesabika ni ule wa mlalo, si ule wa jicho. Mita 40 kwenye mteremko wa nyuzi 30 zinalengwa kana kwamba ni mita 35. Nimelenga kwa pini ya 40. Mshale umepita juu ya gunia na kuingia kwenye mbuyu. Mbao ya mbuyu ni laini na haina ugomvi. Mshale umeingia mpaka karibu na manyoya, na haujakubali kutoka. Mwenye shamba amesema mti huo ni wa babu yake na angependa kujua mshale utakaa muda gani.

Jumatano, 24 Septemba. Kitui

Kifaa cha pini moja kilikaa rafuni muda huu wote. Leo nimekichukua. Ndani ya duara, kuizunguka pini yenyewe, nyigu amejenga nyumba ya udongo, nadhifu, yenye milango miwili.

Nilitaka kuibomoa. Mwalimu wa bayolojia ameomba nisubiri mpaka Kidato cha Pili waione, na Kidato cha Pili wana bayolojia Ijumaa.

Ijumaa, 26 Septemba

Kidato cha Pili wameiona nyumba. Nyigu naye amewaona Kidato cha Pili. Somo limeisha mapema.

Baada ya kukisafisha kifaa kwa mswaki nimegundua jambo la pili. Ncha ya pini imeunganishwa na uzi wa faiba unaokusanya mwanga, ili mwindaji aione alfajiri msituni. Huku kwetu mwanga hauhitaji kukusanywa. Pini inawaka mpaka inakuwa na ukungu wa kijani kuizunguka, na ukungu huo unafunika gunia lote. Nimeuviringishia uzi wa faiba plasta ile iliyobaki ya jicho. Pini imetulia.

Alhamisi, 2 Oktoba

Chifu amekuja. Amesikia kwamba shuleni kuna chama cha kuwinda. Ushahidi ulikuwa kwenye ubao wa matangazo: wanafunzi walibandika kifuniko cha sanduku lenye kulungu, na kando yake wakachora digidigi mkubwa na moyo wake umetiwa duara.

Chifu ametukumbusha kwa upole kwamba chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hata digidigi mmoja wa mchuzi wa nyumbani ni kosa, na kwamba nyani anayekula mahindi huripotiwa, hapigwi. Nimemweleza kwamba tunapiga gunia. Amesema gunia halina tatizo ila lisiwe na masikio.

Kwa hiyo nimewaelekeza wanafunzi wachore duara la mashindano. Lile la Olimpiki lina kipenyo cha sentimita 122, linapigwa kutoka mita 70, na kiini cha alama kumi ni sentimita 12.2 tu. Nimewaambia Shehzana Anwar alipiga duara hilo Rio mwaka 2016, na ndiye aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi. Upinde wake ni wa aina isiyo na kapi, unaoruhusiwa kifaa chenye pini moja bila lenzi. Upinde wenye kapi utaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028, katika timu ya mchanganyiko. Wanafunzi wamesikiliza vizuri. Wamechora duara zuri, na usiku mtu ameliongezea masikio.

Jumapili, 5 Oktoba

Binamu ameuliza kwenye simu nimechagua kipi. Nimesema nafikiria. Ili kunisaidia amenisimulia habari za Howard Hill, Mmarekani aliyepiga mishale ya filamu ya Robin Hood ya mwaka 1938, na ambaye baadaye alikwenda Kongo ya Wabelgiji na kurudi na filamu iitwayo Tembo. Amenieleza kwa dakika nyingi jinsi Hill alivyokuwa hakosei.

"Alitumia kifaa gani?" nimeuliza.

"Hakutumia."

Mtandao umekatika.

Jumanne, 7 Oktoba

Mjomba amekuja Kitui kwa ajili ya macho. Kliniki imempima na kumpa miwani. Njiani amesoma mabango yote kwa sauti, pamoja na bei.

Nimempeleka uwanjani akiwa na upinde wake. Nilitarajia maajabu, wanafunzi pia, kwa kuwa walikuwa wamekaa kwenye nyasi kimya. Amevuta, ameachia, mshale umepita mbali na gunia na kugonga mlingoti wa goli. Amevua miwani, ameifuta, ameivaa tena.

"Sikujua ni mbali hivi," amesema.

Amekwenda hatua kadhaa mbele mpaka kijiti cha mita 25, amepima kwa jicho, amerudi nusu hatua, amevuta tena na kupiga katikati. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu naibu mwalimu mkuu alikuwa anapita.

Usiku nimekaa na vifaa vitatu mezani. Pini tano zinataka ujue umbali, kisha uchague. Pini moja inataka ujue umbali, kisha uzungushe gurudumu. Nukta nyekundu inataka ujue umbali, kisha utafute betri. Hakuna hata kimoja kinachopima umbali, na porini hakuna aliyechomeka vijiti. Kwa wawindaji wa Ukambani swali hilo lilijibiwa kwa miguu: unaujua umbali mmoja vizuri sana, kisha unamsogelea mnyama mpaka awe kwenye umbali huo. Akikataa kusogelewa, hilo ni jibu lake, na unakwenda nyumbani kula muthokoi.

Nimechagua cha pini moja.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimelipanga gurudumu kwenye mita 25 na kuligandisha kwa gundi ya sehemu mbili, ile ya mafundi, ili mwanafunzi yeyote asilizungushe. Gundi inasema inakauka kwa saa 24 na haitoki tena. Vile viwili nimevirudisha kwenye masanduku yake na kumpa shemeji.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo ni Mazingira Dei, siku ya mapumziko na ya kupanda miti. Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, na mwalimu mkuu anataka yetu ionekane kutoka barabarani. Mjomba, ambaye hajarudi Kibwezi kwa sababu bado anasoma mabango, amejitolea kusimamia na ameleta miche ya mkole.

Nilichelewa kufika. Wanafunzi wa bweni walikuwa wamekuta uwanjani vijiti vilivyochomekwa kwa mstari ulionyooka, vikiwa vimepimwa vizuri, na wakafanya kama mtu yeyote mwenye miche angefanya. Sasa kuna mkole kwenye mita 10, 20, 25, 30 na 40, kila mmoja na uzio wake wa miiba. Mwalimu mkuu amepiga picha. Amesema miche isiguswe na mishale isipite hapo mpaka iwe imekomaa.

Chama kimehamishiwa nyuma ya jiko. Kutoka ukuta mmoja hadi mwingine nimepima kwa futi kamba, na gunia likishawekwa inabaki mita 18 na sentimita 29. Hiyo ni yadi 20 kamili, umbali wa pini ya kwanza ya kile kifaa cha pini tano, ambacho kimefungwa ndani ya begi la shemeji chini ya kilo kumi za maembe makavu ya Makueni. Nimejaribu gurudumu kwa mkono, kisha kwa koleo. Gundi ni nzuri.

Kwa pini ya mita 25, kutoka hapo, mshale unapiga sentimita 8 juu. Nimewaambia wanafunzi walenge chini kidogo.

"Chini kiasi gani, mwalimu?"

Mjomba amejibu kabla yangu. Amesema watajua.